Binti Aliyeagwa Kabla ya Kuitwa

Mtu mmoja alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa na hamu moja. Jina lake Nakijwa. Tangu alipojua kushika kijiko alikuwa akigonga: aligonga sufuria, aligonga ndoo, aligonga mgongo wa baba yake alipokuwa amebebwa, na baba yake, Mzee Mkwizu, badala ya kumkanya alitembea akifuata mapigo. Ng'ambo ya bonde, juu ya kilima cha mawe mekundu, palikuwa na Nyumba ya Ngoma. Humo watu walifundishwa kuchonga ngoma, kuziwamba ngozi na kuzipiga, na aliyetoka humo aliitwa fundi popote alipokwenda. Upepo ukivuma kutoka huko, mapigo yao yalifika mpaka shambani kwa Mzee Mkwizu. Nakijwa aliyasikia, akaacha jembe limekwama udongoni, akasimama.

Nyumba hiyo ilikuwa na nguzo kumi na mbili. Kila mwanafunzi alikaa chini ya nguzo yake na kufanya kazi hapo mwaka mzima. Nguzo ya kumi na tatu haikuwapo.

Nakijwa alipotimiza umri, alivuka bonde kwenda kupimwa. Alipiga ngoma mbele ya mwalimu mkuu, mama mmoja mfupi mwenye mikono mipana, asiyesema wala kutabasamu. Alipomaliza, yule mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara moja tu. Nakijwa akarudi nyumbani mbio, akampa baba yake habari hiyo kabla hata ya kunywa maji.

"Aliitikia kwa kichwa?" akauliza Mzee Mkwizu. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, baba."

"Basi umekwisha chukuliwa. Mtu mzima haitikii kwa kichwa bure."

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilikuwa kosa la furaha. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake ya kumuaga anayeondoka. Alichinjiwa mbuzi, akaimbiwa, kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akagawa vitu vyake, ili aende na mzigo mwepesi. Na kilichogawiwa hakirudishwi. Kwa kawaida mtu aliagwa baada ya kuitwa. Lakini Mzee Mkwizu alimtazama mbuzi wake akamwona amenona, akamtazama dada yake aliyekuja kutoka mbali akaona atarejea kwake karibuni, akaona kungoja barua ni kupoteza nyama na wageni. Akachinja. Watu wakala, wakaimba mpaka sauti zikawakauka, na Nakijwa akagawa. Kitanda akampa mdogo wake, Nambike. Jembe akampa binamu yake. Ngoma yake ndogo akampa shemeji yake, Semvua, mume wa dada yake mkubwa, kwa sababu Semvua aliitamani, na siku ya kuagwa mtu huwa mkarimu kupita kiasi.

Ngoma hiyo haikuwa ya kuchezea. Watu wa huko walilima maharage, na maharage yakikauka huyapura pamoja, shamba kwa shamba. Wanawake husimama wakizunguka lundo, kila mmoja na fimbo yake ndefu. Nusu yao hupiga, nusu huinua. Ngoma ndiyo inayosema nani apige na nani ainue. Ikisema vizuri, lundo lililofika kiunoni huwa limelala chini kabla jua halijawa kali. Kwa miaka mitatu aliyekuwa akisema ni Nakijwa.

Siku ya nne baada ya kuagwa, barua ikaja. Mzee Mkwizu aliisoma kwa sauti, mbele ya watu, maana hakuona sababu ya kuisoma kimya. "Nakijwa binti Mkwizu," akasoma, "umepimwa, na umefaa." Shangazi hakungoja zaidi, akapiga kigelegele. "Nguzo kumi na mbili zimejaa," akaendelea Mzee Mkwizu, na sauti yake ikaanza kushuka ngazi. "Wewe ni wa kumi na tatu. Mmoja wao akiondoka, utaitwa. Subiri." Shangazi akabaki na mdomo wazi. Kigelegele kilikuwa njiani, hakijui kiende mbele au kirudi.

Basi Nakijwa akawa mtu wa namna mpya. Hakuwa amekataliwa, kwa hiyo hakuweza kulia kama aliyekataliwa. Hakuwa amechukuliwa, kwa hiyo hakuweza kufunga mzigo. Alikuwa ameagwa na bado yupo. Alilala kwenye mkeka chumbani mwake mwenyewe, pembeni ya kitanda kilichokuwa chake, na Nambike akachungulia kutoka juu akamuuliza kwa heshima zote, "Dada, ukija likizo utapenda ulale upande gani?" Mama yake, kwa huruma, alimpakulia kwenye sahani ya maua, ile ya wageni. Alipochukua ufagio, shangazi alimpokonya. "Acha, mwanangu. Wewe ni wa kuondoka." Akawa mgeni kwao, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Nje ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu watu walimpenda. "Heee, Nakijwa! Hujaondoka tu?" walimwambia kisimani. "Lini sasa?" wakamwambia njiani. Mzee mmoja aliyekula mifupa mingi siku ile ya kuaga alimtazama kwa mashaka, kama mtu anayejiuliza iwapo nyama aliyokula itadaiwa. Nakijwa akaanza kwenda kisimani kwa njia ya juu, ndefu, yenye miiba. Baadaye akaacha kwenda kabisa. Akaweka kiti kwenye dirisha linalotazama kilima cha mawe mekundu, akakaa. Alivaa gauni lake la safari kila siku, akalifua jioni, akalivaa tena. Aliwaza hivi: mjumbe akija, asinikute na vumbi la maharage kichwani. Anikute nafanana na mtu wa kuitwa.

Aliwaza na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Aliona kwamba akishika kazi yoyote hapa, mikono yake itakuwa imekiri. Itakuwa imesema: siendi. Na kule juu, kwa namna asiyoweza kuieleza, watasikia, na watamfuta jina. Kwa hiyo aliishika mikono yake mapajani kama mtu anayeshika vitu vya mwenzake.

Wakati huohuo maharage yalikauka, na msimu wa kupura ukaingia. Semvua alichukua ngoma yake mpya, akajifunga shuka, akaenda uwanjani. Semvua alikuwa mtu mwema, mwenye nguvu, asiyechoka. Lakini alipiga ngoma kama mtu anayefukuza kuku kwenye unga. Alianza polepole, akapata furaha, akaongeza mwendo, akasahau alipokuwa, akaanza upya. Wanawake waliinua wote pamoja na kushusha wote pamoja. Fimbo ziligongana hewani. Siku ya kwanza walicheka mpaka wakakaa chini. Siku ya pili walicheka kidogo. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, kwa sababu mawingu ya vuli yalikuwa yamekaa juu ya mlima, na maharage yakinyeshewa kabla hayajapurwa huota yakiwa bado kwenye maganda yake, na ukishaona hivyo, chakula cha miezi ndiyo kimekwenda. Kila mtu alikuwa na wasiwasi. Nakijwa alisikia yote kutoka dirishani. Kila pigo lililokwenda kombo lilimchoma kwenye viganja.

Siku ya nne Mama Naetwe alikuja. Alikuwa jirani yao, mjane mwenye shamba kubwa na ulimi wa haraka, na siku hiyo kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimevimba kama kiazi.

"Shikamoo, mama," akasema Nakijwa. "Pole. Umefanyaje?"

"Marahaba. Nimepigwa na mama yako."

"Na mama?"

"Si makosa yake. Shemeji yako alimwambia apige, na mimi akaniambia niinue, halafu akabadili mawazo." Mama Naetwe alikaa chini bila kukaribishwa, akautazama mlima, akalitazama gauni la safari, akaitazama mikono iliyolala mapajani. "Na wewe? Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri, mama. Wameniandikia nisubiri."

"Nionyeshe walipoandika."

Nakijwa akaitoa barua. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kwa kukunjuliwa. Mama Naetwe aliisoma taratibu, mpaka mwisho, kisha akaigeuza akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna kitu kimesahauliwa huko. Akairudisha.

"Hapa wamekuandikia usubiri," akasema. "Sijaona walipokuandikia usiishi."

Akainuka, akaenda zake, akikishika kidole chake kama yai.

Nakijwa hakumfuata. Alikaa. Alijaribu kukasirika, na kwa muda akafaulu. Akasema moyoni kwamba mtu mwenye maharage huona maharage tu, kwamba Mama Naetwe hajui maana ya kutamani. Lakini mapigo ya Semvua yalianza tena huko uwanjani, moja, mawili, halafu manne kwa mpigo, halafu kelele ya fimbo, halafu "Yesu wangu!" ya mtu aliyepigwa. Nakijwa akajikuta amesimama. Akatazama mikono yake, na ikamjia kwamba katika wiki tatu hizo, kule kilimani hakuna aliyejua kama mikono hiyo imekaa au imefanya kazi. Aliyejua alikuwa yeye, na kidole cha Mama Naetwe.

Akavua gauni la safari, akavaa la shamba, akashuka kwa njia ya chini, ile fupi, inayopita mbele ya watu wote.

"Hujaondoka tu?" mtu akamwuliza.

"Bado nipo," akasema. Akashangaa kuona kwamba maneno hayo hayakumuua.

Uwanjani hakumnyang'anya Semvua ngoma, kwa maana kilichogawiwa hakirudishwi. Aliokota debe tupu, akaligeuza, akakaa juu ya jiwe, akaanza. Mapigo mawili na kimya. Mapigo mawili na kimya. Wanawake waliinua vichwa kabla ya kuinua fimbo. Mama yake akafungua kinywa kumwambia arudi ndani, halafu fimbo yake ikapiga yenyewe, na kinywa kikajifunga. Nusu wakapiga, nusu wakainua, na maganda yakaanza kupasuka, na harufu ya vumbi kavu ikapanda, na mtu mmoja akaanza wimbo. Semvua naye akasimama pale na ngoma yake nzuri, mnyonge kama mtoto aliyefika karamuni bila kualikwa.

"Shemeji," akasema Nakijwa bila kuacha kupiga, "wewe hujawahi kuchoka, sivyo?"

"Sijawahi."

"Basi piga pigo moja tu. Ninaponyamaza mimi, hapo. Usiongeze kitu hata ukifurahi."

Semvua akapiga pigo moja. Akafurahi, akataka kuongeza, akajizuia, jasho likamtoka. Akapiga jingine, palepale pake. Lile lundo la Mama Naetwe, lililokuwa limewashinda siku tatu, lilikuwa chini kabla ya saa tano. Mvua ilipofika alasiri, ilikuta uwanja umefagiwa na maharage yako ndani, na wanawake wamejikunyata chini ya paa wakibishana nani ameimba vibaya zaidi.

Tangu siku hiyo Nakijwa alifuata kazi ilikokuwa, shamba kwa shamba. Debe lilimchosha masikio, kwa hiyo akajitengenezea ngoma, bila mwalimu na bila nguzo. Gogo alilipata kwa baba yake: mzinga wa zamani uliohamwa na nyuki, ambao tayari ulikuwa na uwazi ndani. Ngozi nayo ilikuwapo. Ilikuwa ni ya yule mbuzi wa kuagia, imening'inia ukutani nyuma ya jiko, na Mzee Mkwizu kila alipopita hapo aligeuza uso, kama mtu anayekwepa kumsalimu anayemdai. Nakijwa aliishusha, akailoweka, akaikwangua manyoya, akaiwamba. Akaianika juani kwa haraka yake, nayo ikajikunja na kukaza upande mmoja. Ngoma ilipopigwa ilikohoa.

"Ina mafua," watu wakasema, na kwa siku nyingi kila alipopita waliuliza hali ya mgonjwa. Nakijwa alicheka nao. Akaifungua, akaloweka ngozi upya, akaichonga midomo ya gogo ikawa sawa, akaiwamba tena na kuiacha kivulini mpaka ikauke kwa wakati wake. Safari hii ilitoa sauti nene, iliyokaa chini, yenye harufu ya asali kwa mbali. Haikuwa sauti ya ngoma za kilimani. Mzee Mkwizu alikuja akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigonga tena. "Mbuzi huyu," akasema, "sasa naona nimemchinja kwa sababu." Na kuanzia hapo alipita nyuma ya jiko akiwa ameinua kichwa.

Msiseme kwamba aliacha kutamani. Upepo ulipovuma kutoka ng'ambo, bado alinyamaza katikati ya neno. Kulikuwa na asubuhi aliamka na kilima ndicho kitu cha kwanza kilichomjia, akahesabu wale kumi na wawili asiowajua, akawaza pengine mmoja anaumwa, kisha akaona haya na kumwombea afya. Alisubiri kweli. Lakini alisubiri akiwa na vumbi kichwani, na mchana wake ulijaa. Watu wa kijiji cha pili walikuja kusikiliza, wakaomba awatengenezee ngoma kama ile. Akawaambia walete mzinga wao na wamlete mtu asiyechoka.

Mwezi wa tatu mjumbe akaja. Alimkuta uwanjani, katikati ya lundo la mwisho la msimu, na watu wote wakaacha fimbo hewani. Nakijwa alifuta mikono, akaifungua barua, na safari hii alijisomea mwenyewe, kimya. Nguzo zote zilibaki na watu wake. Hakuna aliyeondoka. Mwaka huu hataitwa. Akipenda, aombe tena.

Akakaa juu ya maganda, akalia. Alilia sana, kwa sababu kitu alichokitamani kilikuwa kizuri kweli, na hakuna sababu ya kusema vingine. Mama yake alimshika bega. Mama Naetwe alikaa chini karibu naye, akangoja, na alipoona wingu limefunika nusu ya mlima, akamwambia kwa upole, "Lia, mama, lia. Maharage hayana haraka. Yenye haraka ni ile pale juu."

Nakijwa aliitazama mvua ikija, akamtazama Mama Naetwe, na kicheko kikamtoka katikati ya kilio, kikamshangaza yeye kwanza. Akajipangusa pua kwa upande wa mkono. Akaivuta ngoma yake magotini. Semvua, ng'ambo ya lundo, alikuwa amekwisha inua mkono, akisubiri mahali pake pa pigo moja.

Barua ile ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, lakini haikumkuta dirishani. Ilimkuta mtu mwenye kazi mkononi na watu wa kulia mbele yao, na lundo lile lilipurwa lote kabla tone la kwanza halijadondoka. Kama aliomba tena mwaka uliofuata, na kama walimwita, mfano huu haujui. Nanyi mliokwisha andikiwa kwamba msubiri, na mmekaa mkiitunza mikono yenu isichafuke kabla ya kuitwa: ni lundo la nani limesimama uwanjani leo, na mvua inakuja?